Shahidi ni Mmoja: Kabla ya Kuitikia Mwaliko wa Utafiti wa Maumivu Sugu

Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, kila mmoja wao alipewa kalamu. Aliandika kwa mkono wake, ndani ya jalada lake la matibabu, kwamba anaelewa huenda atakachofanyiwa ni upasuaji wa kuigiza tu. Kwamba ikiwa hivyo, goti lake halitaguswa kwa ndani. Na kwamba kuigiza huko hakutamsaidia baridi yabisi yake. Hawa walikuwa watu wenye magoti yaliyochakaa, wameumwa muda mrefu, wamefika kwenye hospitali ya askari wastaafu huko Houston, Marekani, wakitafuta nafuu. Madaktari walipata 324 wenye sifa za kuingia kwenye utafiti. Waliposikia masharti, 144 wakasema hapana. Waliobaki 180 wakaandika maneno yale.

Waliopangiwa kuigiziwa walichanjwa ngozi mara tatu, vichanjo vidogo. Daktari akaita vifaa vyote kama kawaida, akalikunja goti na kulinyoosha, maji yakamwagwa ili hata sauti ifanane na ya kazi halisi. Wote wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002, waliosafishwa goti kwelikweli hawakuwa na nafuu kuliko walioigiziwa. Na huu ulikuwa upasuaji uliokuwa ukifanyika mamia ya maelfu ya mara kwa mwaka nchini Marekani peke yake.

Hiyo kalamu hunijia akilini kila ninapokutana na tangazo la kutafuta watu wa kujitolea kwenye utafiti wa maumivu sugu. Mengi yanafanana. Pana picha ya mtu ameshika kiuno huku anatabasamu (sijui nani anaumwa kiuno hivyo), pana swali la "Umechoka kuumwa?", kisha ahadi ya tiba mpya na uangalizi wa bure. Sina ugomvi na utafiti. Ninaamini watu wengi zaidi wanaoumwa wanapaswa kushiriki, na nitaeleza kwa nini. Ugomvi wangu ni na tangazo lenyewe. Kwenye maumivu, kuliko karibu maradhi mengine yote, namna unavyomwalika mtu inaingia hadi ndani ya matokeo. Mwaliko wa asali unaharibu sayansi uliyotumwa kuisaidia.

Tuanze na ugumu wa jambo lenyewe. Sukari ina kipimo, presha ina kipimo, mfupa uliovunjika unaonekana kwenye eksirei. Maumivu hayana. Picha ya uti wa mgongo inaweza kuonyesha pingili zilizochakaa za mtu ambaye hajawahi kulalamika mgongo, na ikatoka safi kwa mtu asiyeweza kuinama kuvaa viatu. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilipoirekebisha mwaka 2020 fasili yake ya maumivu iliyokuwepo tangu 1979, iliambatanisha maelezo yanayosema wazi kwamba mtu akieleza kuwa anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Wanasayansi hawakuandika hivyo kwa huruma. Waliandika kwa sababu hawana njia nyingine. Katika kesi hii shahidi ni mmoja, na ni yule yule anayeumwa.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au yakirudirudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, ndilo lililoyapa nafasi yake rasmi na kwa mpangilio, yakiwemo yale yanayosimama yenyewe kama ugonjwa, bila ugonjwa mwingine wa kuyabeba. Kabla ya hapo mtu wa namna hiyo alizunguka idara hata idara, akirudishwa nyumbani kwa maneno "vipimo viko sawa". Hapa Kiswahili kilitangulia. Ukisema "fulani anaumwa", umesema kwa neno moja kwamba ni mgonjwa na kwamba ana maumivu. Lugha haikuona haja ya kuvitenganisha. Na wanaoumwa ni wengi: maumivu ya kiuno na mgongo wa chini peke yake, kwa hesabu za shirika hilo, yaliwagusa watu milioni 619 mwaka 2020, na inakadiriwa watafika milioni 843 ifikapo 2050.

Sasa umkalishe mmoja wa watu hao mbele ya mtafiti.

"Mama, kati ya sifuri na kumi, leo unaumwa kiasi gani? Sifuri ni huumwi kabisa, kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria."

"Leo ya asubuhi au leo ya saa hizi, mwanangu?"

Mtafiti anatazama karatasi yake. Karatasi imeandika "wastani wa saa 24 zilizopita". Mama anafikiri. Usiku alilala kwa saa mbili tu, akaamka kwa mguu kuwaka moto. Asubuhi ilikuwa afadhali. Njiani kuja hapa, kukaa garini kumemmaliza. Anajua akisema tisa ataonekana anadeka. Akisema tano, wanaweza kumwona hana shida. Anasema saba. Saba hiyo inaingia kwenye kompyuta, inajumlishwa na saba na nne za wengine, na mwisho wa safari hiyo kuna dawa itakayosajiliwa au kutupwa. Watafiti wengi wa maumivu sugu huhesabu kwamba kushuka kwa alama mbili hivi kwenye kipimo hicho ndiko mtu anakokuita nafuu ya maana. Alama mbili! Yaani tofauti kati ya mama kujibu akiwa ametoka kupumzika na kujibu akiwa ametoka safarini.

Ndiyo maana Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, hakuridhika na namba. Mwaka 1975 alitoa hojaji yenye maneno 78 ya kueleza maumivu, yaliyopangwa kwa makundi, kwa hoja kwamba anayesema "kunachoma" na anayesema "kunapwita" hawasemi jambo moja hata kama wote wamesema saba. Msemaji wa Kiswahili anaielewa hoja hiyo bila kusomeshwa. Jipu linapwita. Kidonda kikiingia chumvi kinachonyota. Tumbo linasokota, linakata, au linakeketa. Kichwa kinawanga, kinagonga. Jino linavuta. Mgongo unakaza. Nyayo zinawaka kama umekanyaga makaa na papo hapo zina ganzi, na daktari mzoefu akisikia moto na ganzi vimekaa pamoja, anaanza kufikiria mishipa ya fahamu kabla hajagusa mguu. Maneno haya ni data. Hojaji ikitafsiriwa kwa kamusi bila kuwauliza wanaoumwa, yote hupotea. Mtafsiri mvivu ataandika "maumivu ya kupiga risasi", na anayejaza atadhani anaulizwa kama amewahi kujeruhiwa vitani, wakati neno lilikuwepo siku zote: vichomi. Kwa hiyo, ukipewa hojaji ya namna hiyo na lugha yake ikakushangaza, usijilaumu na usijibu hivyo hivyo tu. Waambie. Huo nao ni mchango, na pengine ni mkubwa kuliko namba zako zote.

Kwa nini basi tusiwaachie madaktari wasome majalada ya hospitali, watu wakapumzika nyumbani? Kwa sababu tumeshalijaribu hilo, na gharama yake inajulikana.

Januari 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi, sentensi tano tu. Waandishi wawili walipitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa, wakakuta watu 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa za jamii ya afyuni, kama morfini, na miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu, wanne tu ndio waliorekodiwa kuwa waraibu. Wakahitimisha kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa kama hao, basi. Ilihusu watu waliokuwa kitandani hospitalini, chini ya macho ya wauguzi. Haikusema neno kuhusu mtu anayekwenda nyumbani na chupa ya vidonge kwa miezi au miaka. Lakini ilianza kutajwa kama ushahidi kwamba dawa hizo ni salama kwa maumivu sugu. Mwaka 2017 watafiti walihesabu mahali ilikotajwa katika machapisho ya kitaalamu: mara 608, na sehemu kubwa ya waliotaja waliitumia kuthibitisha jambo ambalo haikulithibitisha. Maafa ya uraibu na vifo yaliyofuata Marekani kila mtu ameyasikia.

Sasa angalia upande wa pili. Watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti, wengi wao wanaume kwa kuwa walitoka kliniki za askari wastaafu, walikubali kugawanywa kwa kura: nusu watibiwe kwa dawa za jamii ya morfini, nusu kwa dawa nyingine kama parasetamoli na zile za kupunguza uvimbe. Kwa miezi 12 walikuwa wakiulizwa: unatembeaje, unalalaje, maumivu yanakuzuia nini. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Katika kufanya shughuli za kila siku, wenye morfini na jamaa zake hawakuwazidi wenzao. Na kwa ukali wa maumivu, waliotumia dawa za kawaida walikuwa na nafuu kidogo zaidi. Jibu hilo lilikuwa linasubiriwa tangu barua ya sentensi tano, miaka 38. Halikuhitaji mashine ya ajabu. Lilihitaji watu 240 waliokubali kuulizwa kwa mwaka mzima bila kukata tamaa, na mtu wa kuwauliza. Ukiniuliza sababu ya kuitikia mwaliko wa utafiti, nitakupa hiyo moja, sitaongeza nyingine.

Turudi kwenye asali. Katika majaribio ya dawa ya maumivu, kwa kawaida kundi moja hupewa dawa na jingine kidonge kisicho na dawa ndani, ambacho wenyewe hukiita plasebo, na hakuna anayejua amepata kipi mpaka mwisho. Wengi wakisikia hivyo wanaona ni dharau: kumbe wananijaribu kama ninadanganya? Sivyo. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walifanya kazi na watu waliong'olewa meno ya magego. Waliopata nafuu baada ya kupewa plasebo, nafuu yao ilipungua walipopewa naloksoni, dawa inayozuia morfini isifanye kazi mwilini. Maana yake ni kwamba matumaini yao yalikuwa yameuamsha mwili utoe dawa yake wenyewe. Nafuu ile ilikuwa na kemia yake. Haikuwa uongo wala udhaifu wa akili.

Na hapo ndipo tangazo lenye ahadi nyingi linapoharibu. Ukiwakusanya watu kwa kuwaambia dawa mpya ya ajabu imefika, matumaini yanapanda kwa wote, waliopata dawa na waliopata kidonge kitupu. Wote wanapata nafuu. Pengo kati ya makundi mawili linaziba, na dawa ambayo pengine ingefaa inaonekana haina kitu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika majaribio ya dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu nchini Marekani, nafuu ya kundi la plasebo imekuwa ikipanda miaka hadi miaka, huku nafuu ya dawa zenyewe ikibaki pale pale. Sababu zinabishaniwa. Siwezi kusema matangazo peke yake ndiyo mkosaji. Majaribio yamekuwa makubwa zaidi na ya muda mrefu zaidi, na mshiriki hukutana na wauguzi wema wanaomsikiliza, jambo ambalo mgonjwa wa maumivu sugu halipati kwingine. Hata hivyo, baadhi ya watafiti wameshaelewa somo: siku hizi wapo wanaoanza kwa kumfundisha mshiriki namna ya kuyasoma maumivu yake kwa makini, na kumweleza wazi kwamba hawajui kama dawa itafanya kazi, ndiyo maana wanafanya utafiti.

Ukitaka kuona jinsi asali inavyochacha, tazama habari ya dawa za kuziba milango ya sodiamu, kemikali iliyomo kwenye chumvi, kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotokana na familia tatu za kaskazini mwa Pakistani ambamo baadhi ya watu hawakuwahi kuhisi maumivu tangu kuzaliwa. Wa kwanza kujulikana kwa watafiti alikuwa mvulana aliyekuwa akijipatia riziki mitaani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Chanzo kilikuwa hitilafu ya jeni moja inayotengeneza mlango wa kupitisha chembe za sodiamu kwenye mishipa ya fahamu. Dunia ya dawa ikapagawa: tukiuziba mlango huo kwa kidonge, maumivu kwisha! Miaka ikapita, kidonge kimoja baada ya kingine kikashindwa. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha suzetrijini, inayoziba mlango ulio ndugu wa ule, lakini kwa maumivu ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Mwezi mmoja kabla yalikuwa yametangazwa matokeo ya kuijaribu kwa watu wenye maumivu sugu yanayoshuka mguuni kutoka kiunoni. Maumivu yao yalishuka kwa alama mbili hivi. Ya waliopewa kidonge kitupu nayo yalishuka karibu alama mbili hizo hizo.

Ilikuwa miaka 19 tangu utafiti wa familia zile uchapishwe, na bado mtu mwenye maumivu sugu alikuwa hajapata kidonge chake. Mtafiti anayejua historia hiyo akakuandikia "tiba itakayobadilisha maisha yako", anakudanganya kwa makusudi.

Sitaruka hatari, maana anayealika bila kuitaja haaliki, anatega. Januari 2016, mjini Rennes, Ufaransa, watu wazima wenye afya njema walijitolea, kwa malipo ya euro 1,900, kujaribiwa dawa mpya iliyofikiriwa kufaa kwa maumivu miongoni mwa mengine. Ilikuwa inazuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja kemikali za kutuliza zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Wazo zuri kwa karatasi. Mtu mmoja alifariki, wengine wakalazwa, baadhi wakiwa wameumia ubongo. Majaribio ya kwanza kwa binadamu hufanywa kwa tahadhari kubwa na maafa kama hayo ni nadra sana. Kinachonikera zaidi hapo ni jambo dogo kwenye taarifa za uchunguzi uliofanywa na serikali. Wa kwanza kuugua alipelekwa hospitali jioni. Kesho yake asubuhi wenzake walipewa dozi nyingine, bila kuambiwa kwamba mwenzao yuko hospitali. Saini zao walikuwa wametia siku nyingi nyuma, kwa taarifa walizokuwa nazo siku hiyo. Asubuhi ile taarifa zilikuwa zimebadilika, na hakuna aliyewarudia kuwauliza: bado unataka?

Ridhaa inayotiwa saini mara moja na kufungiwa kabatini haitoshi. Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, ziliweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza kabisa, na zilitaka mtu awe huru kusimamisha jaribio akiona hawezi kuendelea. Azimio la Helsinki la 1964, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na katika marekebisho ya 2024 likaacha kuwaita watu "wanaofanyiwa" utafiti, likawaita "washiriki". Neno tu, utasema. Mimi naona mshiriki ana haki ya kuamshwa usiku akaambiwa mambo yamebadilika.

Halafu lipo swali la nani anaalikwa na nani anaachwa, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloumiza zaidi na linazungumzwa kidogo. Soma masharti ya kujiunga na utafiti wowote wa maumivu. Usiwe na ugonjwa mwingine mkubwa. Usiwe na sonona. Usiwe unatumia dawa fulani na fulani, au uziache wiki mbili kabla. Usiwe mjamzito. Uweze kufika kliniki kila wiki. Uwe na simu ya kisasa ya kujazia shajara. Ukimaliza kusoma, umebaki na nani? Mtu anayeumwa kwa miaka kumi mara nyingi ana sonona, kwa sababu ameumwa miaka kumi. Ana presha, ana umri, anatumia dawa nne, na siku mbaya hawezi kutoka kitandani, sembuse kupanda gari kila Jumanne. Utafiti unafanywa kwa wagonjwa wenye afya, ukinielewa, kisha dawa inaandikiwa wagonjwa wagonjwa.

Masharti hayo hayakuwekwa kwa ubaya. Mengine ni ya usalama, na mengine ni ili matokeo yasichanganyike. Lakini historia inatufundisha kuyatilia shaka. Marekani, kuanzia 1977 hadi 1993, mwongozo wa mamlaka ya dawa uliwazuia wanawake wenye uwezo wa kuzaa kuingia kwenye majaribio ya hatua za mwanzo, wakati maumivu sugu huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Hata panya wa maabara walikuwa madume kwa kiasi kikubwa. Ilipofika 2015 ndipo watafiti wakaonyesha kwamba, kwa panya, seli za kinga zinazohusika kupitisha maumivu kwenye uti wa mgongo wa dume si zile zinazotumika kwa jike. Miaka mingi ya kutafuta dawa, na nusu ya swali haikuulizwa.

Na wakialikwa wote, wanaokuja si wote. Hazina ya takwimu za afya ya Uingereza, UK Biobank, ilituma barua kwa watu takriban milioni 9 kati ya 2006 na 2010. Waliokuja walikuwa nusu milioni, asilimia 5.5, na baadaye ilionekana wana afya na maisha bora kuliko wastani wa watu wa rika lao. Barua ilikuwa ya wote. Nafasi, nguvu na nauli vilikuwa vya wachache. Mtafiti anayetaka kumwona anayeumwa kwelikweli itabidi amfuate nyumbani, amruhusu kujibu kwa simu ya kawaida, amruhusu kuahirisha bila kuomba radhi, aweke kwenye chumba cha mahojiano kiti cha kuegemea na ruhusa ya kusimama. Ni mambo ya aibu kuyaandika kwenye makala, lakini nimeona fomu za kurasa 30 zinazotakiwa kujazwa kwa mkono na watu wenye baridi yabisi ya vidole.

Kwa hiyo ukipokea mwaliko, chukua muda. Kosa linalowapata wengi limejulikana na wataalamu tangu 1982: mtu anaingia kwenye utafiti akiamini kwamba kila kinachofanyika kimepangwa kwa faida yake yeye, kama anavyopangiwa na daktari wake. Kwenye utafiti dozi yako haipangwi kwa kukutazama wewe. Imepangwa kwa kura na kwa kitabu cha taratibu. Unaweza kutoka na nafuu, unaweza kutoka bila kitu, unaweza kutoka umeumia. Uliza nitapewa nini maumivu yakinizidia katikati, maana utafiti mzuri lazima uwe na dawa ya dharura unayoruhusiwa kuitumia bila kufukuzwa. Uliza dawa zangu za sasa nitaziacha, kwa siku ngapi, na nani atakuwa nami siku hizo. Kuacha ghafla baadhi ya dawa za maumivu, hasa za jamii ya morfini, ni hatari, na asiyelijua hilo hafai kukutafiti. Uliza nikiumia nani anagharamia, na imeandikwa wapi. Uliza dawa ikinifaa, utafiti ukiisha nitaendelea kuipata au mtaninyang'anya? Swali hili huwafanya wakohoe. Uliza pia matokeo nitayajua lini, hata yakiwa mabaya. Watu wametoa mwaka wa maisha yao kisha wakabaki bila barua hata ya mstari mmoja ya kuwaambia ilikuwaje.

Malipo nayo yatazamwe kwa jicho kali. Nauli na fidia ya muda ni haki. Donge nono kuliko kazi yenyewe linapaswa kukupa mashaka, na kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti nayo inapaswa kulitilia mashaka. Kamati hiyo ipo au haipo? Jina lake na namba ya kibali viwe kwenye karatasi. Visipokuwepo, rudisha karatasi.

Anayekataa baada ya kusoma yote haya hajaisaliti sayansi. Wale 144 wa Houston walisikia ukweli wote wakaamua kuondoka, na kuondoka kwao ndiko kunakonifanya niziamini saini za wale 180. Pale ambapo hakuna anayekataa, ningependa kujua watu waliambiwa nini.

Ukurasa wa mwisho wa fomu ya ridhaa huwa na namba ya simu ya kupiga saa yoyote ukipatwa na tatizo. Ipige kabla ya kutia saini. Ipige usiku, saa nane, saa ambayo mguu wako umezoea kuwaka, uone nani atapokea.